Mdomo Usio na Adui

Juma lililopita mliniacha juu ya mti.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mimi, Damas, Bwana Maendeleo wa kijiji cha ujamaa cha Tujitegemee, mwendo wa baiskeli kutoka stesheni ya Tura, nilikwea kutafuta asali ya kumpelekea Mzee Anselm, baba yake Flavia, ili moyo wake ulainike. Nyuki hawakuwa wamearifiwa. Mliniacha nimekumbatia mzinga, uso umeumuka kama andazi, na Mzee Anselm amesimama chini, Biblia kwapani, akinitajia sharti la posa.

Wengi wameniuliza kama nilishuka. Nilishuka. Tawi lilishuka nami.

Sasa lisikieni sharti lenyewe. Mzee Anselm ni mzee wa kanisa la Moravian, na alijulikana kote hadi Tura kuwa kileo hakijawahi kuvuka kizingiti chake. Nilipokuwa nimelala kifudifudi miguuni pake aliendelea kusema kana kwamba hakuna kilichoanguka.

"Watoto wa kijiji hiki wanakunywa pombe," alisema. "Wewe umeletwa utuendeleze. Siku mtoto wa mwisho atakapoacha kibuyu, lete washenga. Ikifika sherehe ya miaka kumi ya Uhuru na bado wanakunywa, Flavia namwoza kwa karani wa stesheni. Ana saa ya mkononi, na hapandi miti."

Nilimjibu ndiyo. Nadhani nilimjibu ndiyo. Midomo ilikuwa imevimba.

Uvimbe ulipopungua nilikwenda shuleni. Mwalimu Nassibu hakunieleza mengi; alinionyesha tu Getruda, mjukuu wa Mzee Mabruki, mtoto wa darasa la nne, amelaza shavu kwenye dawati na kutabasamu usingizini. Mwalimu alimgusa bega akamwuliza mazao makuu ya mkoa wetu.

"Ya Bibi Sikuzani leo imezidi asali," akajibu Getruda, akageuza shavu la pili.

Nilitoka nje machozi yakinilenga. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikiamini kwamba nchi hii itajengwa na watoto wale wale, na nchi yenyewe ilikuwa imelala kwenye dawati ikinuka wanzuki, ile pombe ya asali ya kwetu.

Nikachora mabango. Nikahutubia. Nikawafundisha watoto wimbo wa kukataa pombe, wakauimba vizuri sana, hasa jioni, wakitoka kwa Bibi Sikuzani.

Ndipo nikaomba mkutano wa kijiji. Tulikutana ndani ya ghala la asali kwa sababu ya mvua. Mzee Anselm hakuja; alisema habari za pombe hataki kuzihudhuria wala kusimuliwa. Mwenyekiti wetu, Ndugu Shaban, fundi cherehani aliyehamia kutoka Tabora mjini, alifungua kwa salamu za chama, kisha nikasimama nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza: nani anawapa watoto pombe?

Mzee Mabruki akanyanyua fimbo yake.

"Sisi," akasema.

Akaeleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kisimani. Wazee wanakunywa barazani kwao. Pombe inapikwa kwa Bibi Sikuzani. Anayeibeba ni mtoto. Na kwetu huku anayeleta kinywaji lazima akionje kwanza mbele ya mnywaji, kuonyesha kwamba hakina sumu wala mkono wa mtu. Huko ndiko kutoa uchawi. Mtoto akipita baraza nyingi, ametoa uchawi mwingi.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," akaendelea Mzee Mabruki. "Alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi na nguo. Wenzake walikufa njiani kwa kunywa walichokaribishwa. Yeye hakunywa kitu kisichoonjwa. Ndiyo maana mimi nipo. Bwana Maendeleo, unataka nisiwepo?"

Nikasema namtaka awepo. Nikapendekeza mpikaji mwenyewe, Bibi Sikuzani, awe anaonja.

Bibi Sikuzani alicheka hadi kanga ikamdondoka begani. Alisema akizungukia baraza zote atalewa kabla ya mchana, chungu kitaungua, na kijiji kitakunywa moshi. Wazee nao walikataa kwa sababu yao: anayejua kutia sumu anajua na kuitegua. Basi mtu mzima mwingine? Hapo ghala lilivuma. Mtu mzima gani? Huyu ana ugomvi wa mpaka na yule. Yule anamwonea wivu huyu kwa ng'ombe. Kinywa cha mtu mzima kina mambo yake. Mtoto huaminiwa kwa sababu hana adui.

"Mimi msinitazame," akasema Mwenyekiti Shaban. "Mimi ni Mwislamu."

Nikiwa na nia njema kabisa, nikasema basi tutafute mtu mzima asiye na adui.

Mzee Mabruki alinitazama. Akanitazama tena, toka viatu hadi nywele, kama anayepima mbao.

"Bwana Maendeleo," akasema taratibu, "una shamba hapa?"

"Sina, mzee."

"Ng'ombe?"

"Sina."

"Mke?"

Nilimwangalia Flavia, aliyekaa upande wa akina mama pamoja na wanafunzi wake wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa anatazama paa.

"Bado, mzee."

"Urithi unaougombania na mtu yeyote?"

"Baba yangu yuko hai, na hana kitu."

Mzee Mabruki akawageukia wenzake akiwa na furaha ya mtu aliyepata sindano kwenye majani. Akasema kijana huyu hana kitu chochote duniani cha kuonewa wivu, kwa hiyo hana adui, kwa hiyo ni kama mtoto. Mikono ikanyooshwa ghala zima. Mwenyekiti Shaban akatangaza azimio limepita kwa kauli moja na kunipongeza kwa kujitolea.

Nilipigiwa makofi. Ningewaambia nini? Nilijiona nimebeba kizazi kizima mgongoni. Nilidhani kuonja ni kulowesha midomo.

Mzee Mabruki alinisahihisha kesho yake. Kulowesha midomo ni kudanganya, alisema. Sumu haikai midomoni. Kata moja inamezwa yote, kisha mwonjaji anasimama mbele ya wanywaji hadi waridhike kwamba hatadondoka. Wakiona anayumba, wanasubiri zaidi. Na nikitoka hapo, baraza ya jirani tayari wananiita: Bwana Maendeleo, njoo ututolee uchawi.

Siku za kwanza nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli. Baadaye baiskeli ilianza kunisukuma mimi.

Na hapa ndipo nilipojifunza jambo juu yangu mwenyewe. Kuna walevi wa kulia, kuna wa kupigana, kuna wa kutongoza. Mimi nikizidiwa hutoa hotuba ya vyoo. Tulifundishwa hotuba hiyo kwenye mafunzo kabla ya kuletwa vijijini, nami niliikariri vyema mno. Kata ikipita kiasi, mdomo unafunguka wenyewe: "Ndugu wananchi, choo bora ni ngome ya taifa." Naendelea hadi mwisho, vipimo vya shimo vikiwemo. Niliwahutubia wazee wa baraza zote. Niliwahutubia mbuzi wa Mzee Mabruki, na yasemekana mmoja alisikiliza hadi mwisho. Kijiji kikajua: Bwana Maendeleo akitaja ngome, amejaa, mpelekeni alale.

Lakini watoto hawakuonja tena. Hilo nalo naomba liandikwe, maana watu hupenda kukumbuka mbuzi tu.

Siku moja nilipita shuleni nikiwa bado nina akili. Mwalimu Nassibu aliniashiria nisimame dirishani. Getruda alikuwa amesimama wima na kitabu mkononi, akisoma kwa sauti. Alisoma ukurasa mzima. Alikosea, akarudi, akasahihisha mwenyewe, akageuza ukurasa akaendelea. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Nilishika fremu ya dirisha kwa nguvu, na safari hii haikuwa kwa sababu ya wanzuki.

Flavia alinikuta kisimani jioni ile.

"Simama hapo hapo," akasema. "Upepo unatoka kwako."

Nikasimama.

"Baba alikusikia jana ukipita nyuma ya nyumba. Alidhani ni redio ya Mwenyekiti."

"Akasemaje?"

"Kwamba hotuba ni nzuri, ila mtangazaji amelewa." Akatua ndoo. "Damas, acha kazi hiyo."

Nikamweleza. Nikiacha, kesho Getruda anarudi kwenye kibuyu, na Mzee Anselm ananinyima posa. Nisipoacha, Mzee Anselm atanijua mlevi, na bado ananinyima posa.

"Kwa hiyo ukinywa hunioi, na usipokunywa hunioi."

"Ndivyo."

"Huko chuo kikuu mlisoma nini hasa?"

Nikamsimulia habari ya Getruda: ule ukurasa mzima, na jinsi alivyorudi kusahihisha. Flavia akachota maji, akamwaga, akachota tena.

"Basi tusisubiri sherehe," akasema. "Sharti la Baba ni watoto waache. Wameacha. Lete washenga Jumamosi hii kabla hajajua kilichowaachisha. Ukishapokelewa, tutatafuta mdomo mwingine usio na adui."

"Nani?"

"Karani wa stesheni," akasema Flavia, akajitwika ndoo akaenda zake.

Nikawaomba Mwenyekiti Shaban na Mzee Mabruki waniposee, kwa kuwa baba yangu alikuwa mbali. Jibu la Mzee Anselm lilirudi upesi: washenga karibu, ila kijana naye aje, ingawa si desturi. Nataka kumnusa, alisema.

Wazee wakakubali kunisaidia kwa kafara kubwa. Siku ya Jumamosi kijiji kizima hakikuonjewa, kwa maana hiyo kijiji kizima hakikunywa. Mzee Mabruki alitembea kwenda kuniposea akiwa na kiu na hasira, akinikumbusha kila baada ya mti kwamba hata babu yake njiani Bagamoyo hakuteswa hivi. Mimi nilikuwa nimeoga, nimesukutua, nimetafuna majani ya mpera hadi ulimi ukawa kama ngozi ya ngoma.

"Shikamoo, mzee," nikasema mlangoni.

"Marahaba. Fungua kinywa."

Nikafungua. Mzee Anselm akanishika shavu, akasogeza pua, akafumba macho, akavuta.

"Huu ni mpera."

"Ndiyo, mzee."

"Na chini ya mpera?"

"Chini ya mpera nimo mimi tu, mzee."

Akavuta tena, polepole. Nyuma yake nilimwona mama yake Flavia, Mama Apolinaria, mama mpole mwenye sauti ndogo, akitupangia viti. Mwishowe Mzee Anselm akaniachia shavu.

"Kaa," akasema. Sikujua neno moja laweza kuwa tamu hivyo.

Mwenyekiti Shaban akasema maneno ya washenga kwa ufundi wote wa mjini: tumesikia kuna ua zuri bustanini, tumekuja na mtu wa kulimwagilia. Mzee Anselm akakiri kwamba kwa siku nyingi hajaona mtoto akiyumba njiani. Akasema sharti limetimia. Akaagiza iletwe togwa, wageni wanywe, na watoto wa majirani waliojazana uani nao waitwe wanywe, maana leo ni furaha yao hasa. Mama Apolinaria alikuwa amekwama mlangoni akipokea salamu za akina mama, kwa hiyo Flavia ndiye aliyeingia jikoni akatoka na chungu.

Mzee Mabruki akaweka kikombe chini.

"Haijaonjwa," akasema.

"Ni togwa," akasema Mzee Anselm.

"Babu yangu..."

"Namjua babu yako. Alikwenda Bagamoyo. Hii ni togwa, Mabruki, uji wa mtama na kimea, anakunywa hata mtoto mchanga. Katika nyumba hii hakuna kingine."

"Na nyumba hii ina binti mzuri anayetakiwa na wengi," akasema Mzee Mabruki bila kupepesa. "Hakuna siku yenye uchawi kama siku ya posa. Kijana si yupo? Aonje. Ni kazi yake."

Lakini Mzee Anselm hakujua kazi hiyo ina maana gani. Akadhani ni heshima tu za Kinyamwezi. Akasema sawa, mkwe na aonje.

Nikainua kata, nikanywa, nikameza yote kama nilivyozoezwa.

Wasomaji wangu, kwa majuma yale ulimi wangu ulikuwa umesoma kuliko mimi. Mbele ilikuja mtama. Nyuma ya mtama ikaja asali. Nyuma ya asali, taratibu, kikaja kitu cha moto kikashuka kifuani kikakaa kama mwenye nyumba. Ya Bibi Sikuzani ilikuwa maji ya kunawa kando ya hii.

Nikainua macho. Mama Apolinaria alikuwa amekiona chungu. Alikuwa amesimama mlangoni, pindo la kanga katikati ya meno, akinitazama kama mtu aliyeshikwa shati na reli huku treni inakuja.

"Umeona?" Mzee Anselm akaniuliza kwa fahari. "Hiki ni chungu changu, wameniletea changu kwa makosa, lakini si neno. Mama Flavia ananitengenezea mwenyewe tangu tulipooana. Kikombe kila jioni, siku nyingine viwili. Nalala kama mtoto, naamka naimba. Watu wanauliza, Mzee Anselm unawezaje kuishi bila pombe? Nawaambia, togwa."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejua, isipokuwa mimi na yule mama. Mzee wa kanisa, adui wa kibuyu kutoka hapa hadi Tura, alikuwa mnywaji mkubwa kuliko wote kijijini, na hakuwa na habari.

"Haya, watoto," akaita. "Kwangu mimi watoto ndio wa kwanza."

Wakapanga mstari na vikombe vya bati. Mbele kabisa alisimama Getruda, amechanwa nywele, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Nikafikiri upesi. Nikisema hii ni pombe, namvua Mzee nguo mbele ya washenga, namwua yule mama kwa aibu, na posa inaondoka na treni ya Tura. Nikinyamaza, mstari mzima wa watoto utakunywa kwa mkono wangu, na Getruda atarudi kulala kwenye dawati. Mzee Anselm alikuwa ameshashika kata aanze kugawa.

"Mzee," nikasema, "uchawi haujatoka wote."

Nikakivuta chungu, nikakiinamisha, nikanywa.

Mwanzoni walidhani ni mzaha. Kisha Mzee Mabruki akasema kwa sauti ya mtu wa kazi kwamba kijana anajua anachofanya, mwacheni. Mzee Anselm alistaajabu, halafu akaanza kupendezwa. Nilimsikia kwa mbali akimwambia Mwenyekiti kwamba hajapata kuona mkwe anayependa togwa ya nyumbani namna hii. Mama Apolinaria alikuwa analia kimya kimya. Akina mama wakambembeleza wakidhani ni uchungu wa kuagana na binti. Nikanywa. Nikapumua kwa pua. Nikanywa. Watoto walinitazama, vikombe vikishuka kimoja kimoja.

Chungu kikabaki kitupu. Nikakitua chini kwa uangalifu mkubwa, kando kidogo ya mahali palipokuwa na sakafu.

"Watoto wapewe togwa ya chungu kile kingine," Mama Apolinaria akasema haraka, akakimbilia jikoni. Flavia akamtazama mama yake akikimbia. Akakitazama chungu. Akanitazama mimi. Nikaona anaanza kuelewa, uso wake ukifunguka kama dirisha.

Mzee Anselm alikuwa na machozi ya furaha. Akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, na neno hilo nilikuwa nimelisubiri tangu juu ya mti, "sharti limetimia na nyumba imekupenda. Limebaki moja. Simama, useme kwa kinywa chako mwenyewe mbele ya watu hawa umekuja kutaka nini. Ukisema, Flavia ni wako."

Nikasimama. Nyumba nayo ikasimama, upande mmoja kwanza. Maneno nilikuwa nayo tayari, mafupi, nimeyapanga toka alfajiri: nimekuja kumtaka Flavia. Nikayashika kwa meno.

Hapo ndipo nilipomwona Getruda. Alikuwa ametoka mstarini na kuchuchumaa kando ya chungu kitupu. Alikuwa anapitisha kidole ukingoni, taratibu, akizoa povu lililobaki. Kidole kikajaa, kikaanza safari ya kwenda mdomoni. Na Getruda, kama mnavyojua, ndiye ulimi usiokosea kijijini. Akilamba, mtoto ameonja, na sharti limevunjika. Akilamba, atasema kwa sauti ni kitu gani, kama alivyomwambia Mwalimu Nassibu.

Nikafungua kinywa nimzuie. Watu wote wakanyamaza kusikia posa yangu.

"Ndugu wananchi," nikajikuta nikisema, "choo bora ni ngome ya taifa."